Mjadala: Mwenye lori moja Mwanza aingie chini ya kampuni au ajitafutie mzigo?

Mwanzisha mada, Nyakato

Mwangaluka wakuu. Pale Usagara malori yanapolala, ubishi huu hauishi, basi tuulete hapa hadharani. Mtu ana kichwa kimoja cha lori na tela moja la flatibedi, yaani tela bapa lisilo na kuta, au ndiyo anajikusanya anunue. Aliingize lori chini ya kampuni ya usafirishaji inayompa mzigo na kumkata asilimia, au asimame mwenyewe na madalali? Na la pili, ambalo ndilo la serikali: LATRA, inayotupa leseni za magari ya mizigo, izibane kampuni hizo ziandike mkataba na kumwonyesha mwenye lori bei aliyolipa mwenye mzigo?

Natoa msimamo mapema ili mnishambulie vizuri. Wengi wetu tunanunua tela kwanza, halafu ndiyo tunaanza kuuliza nani ana kazi. Mimi nasema anza na mwenye kazi. Jua ni mzigo gani, unapakiwa wapi, unashushwa wapi, unalipwa lini. Tela utachagua baada ya hapo, na mara nyingi litakuwa limeshajichagua lenyewe.

Dar hadi hapa ni kama kilomita 1,150. Kichwa chenye mzigo kamili madereva wengi wanakipigia lita moja kwa kilomita mbili, kwa hiyo kupanda tu kunakula lita zisizopungua 550. Mzigo wa kupanda haukosekani: nondo, mabati, saruji, vigae, mitambo ya migodini. Shida ni kushuka. Msimu wa pamba kuna marobota na mashudu, kuna mchele, dengu na choroko. Nje ya hapo unaweza kukaa Nyakato wiki nzima ukisubiri, au ushuke mtupu mpaka Isaka ukabahatishe. Kampuni yenye mzigo wa kwenda na wa kurudi inastahili asilimia yake. Isiyokuwa na wa kurudi ni dalali mwenye ofisi na kiyoyozi, na tatizo ni kwamba huwezi kuzitofautisha kabla hujasaini, kwa sababu hakuna cha kusaini. Ndiyo maana naitaka hiyo sheria.

Mwenye tela mbili, Buhongwa

Mkuu umeanza vizuri ukaharibu mwishoni. Kampuni ya nini? Dalali anakata mara moja, tena namwona usoni. Kampuni inakata asilimia, inakata mafuta kwa bei yake kwenye kituo chake, inakata kifaa cha kufuatilia gari, halafu inakaa na hela yako siku 60. Kuna moja, sitaitaja, ilinilaza na ankara miezi na miezi huku malori yake yenyewe yakilipwa kwanza. Lori ni langu, kadi ina jina langu, halafu niombe ruhusa ya kurudi nyumbani?

Namba za simu za wenye mzigo hazipatikani kwa kukaa chini ya mtu. Zunguka maghala ya Igogo na viwanda vya Nyakato, ongea na maofisa ugavi. Mwaka wa kwanza utaumia, wa pili watakupigia wenyewe.

Dereva wa masafa, Igoma

Wakubwa mnagombana kuhusu hela wakati tela hamjaligusa. Nileteni kwenye chuma kidogo.

Kwanza mizani. Tangu 2019 Tanzania inatumia sheria ya Afrika Mashariki ya uzito wa magari. Ekseli ya mbele tani 8. Ekseli moja ya nyuma yenye tairi mbilimbili tani 10, zikiwa mbili pamoja 18, na zile tatu za tela tani 24. Jumla ya juu kabisa ni 56, lakini hiyo ni ya gari lenye ekseli saba. Sasa piga hesabu: kichwa cha difu moja, yaani chenye ekseli moja ya nyuma inayosukuma, na tela la ekseli tatu ni 8 na 10 na 24, yaani 42. Kichwa cha difu mbili kinakupa 50. Tani nane hizo ndizo zinazolipa tairi zako. Anayekuuzia kichwa cha difu moja kwa bei ya kutupa hakwambii hilo, na wewe utaligundua kwenye mizani ya Vigwaza, au Njuki, au hapa hapa Usagara, ukiambiwa shusha.

Na kumbuka uzito wa chuma chenyewe umo humo. Tela lililochomelewa mtaani kwa vyuma vya kila aina linaweza kuwa zito kuliko la kiwandani kwa tani nzima au zaidi. Kila safari unasafirisha chuma cha fundi bure.

Pili, urefu. Kontena la futi 40 ni mita 12.2, nondo ni mita 12. Tela bapa la mita 12 na nusu lenye loki za kontena linabeba vyote viwili, na marobota juu yake ukiwa na turubai zima. Skeletoni, lile tela la fremu tupu, ni jepesi, ila linajua kontena tu. Ukishusha kontena Mwanza, marobota utayaweka wapi? Kwa mtu wa lori moja kanda hii, bapa lenye loki na matundu ya kuchomeka nguzo za pembeni. Sioni mjadala hapo.

Tatu, na hili nalisema kwa sababu mimi ndiye ninayekaa mbele: ukuta wa mbele wa tela. Wengi wanaukata kupunguza uzito. Nondo hazina breki. Ukishuka mlima Sekenke na fungu la nondo lililofungwa kwa kamba na minyororo miwili iliyolegea, ukikanyaga breki kwa ghafla zinateleza zenyewe kwa zenyewe. Fungu la katikati ndilo linachomoka, kwa sababu mnyororo umebana la nje tu. Linakuja kwenye kabini ya dereva. Panga mafungu juu ya mbao, funga kila tabaka, simama baada ya kilomita chache ukaze tena maana nondo zinajilaza. Tandiboi asiyejua kukaza mnyororo ni abiria.

Mama mwenye mkopo, Kisesa

Asanteni wanangu. Baba yenu ameacha kichwa cha Scania, tela hatuna, na benki imekubali kunikopesha la kununulia. Rejesho ni kila mwezi. Huyu wa Buhongwa anasema mwaka wa kwanza utaumia. Benki haiumii na mimi. Nikifanya na dalali, nikakosa mzigo wiki tatu, nani atalipa? Na nikienda kwenye kampuni inayolipa baada ya siku 60, rejesho mbili zimeshapita. Nisaidieni hapo, hayo ya mnyororo dereva ataangalia.

Ofisa wa usafirishaji, mjini

Nafanya kazi upande ule mnaoulaumu, niruhusuni nijibu.

Shikamoo mama. Swali lako ndilo swali lenyewe. Kampuni inachelewa kukulipa kwa sababu mgodi au kiwanda kinailipa kampuni kwa kuchelewa. Dalali anakupa hela mkononi kwa sababu anabeba mizigo midogo ya watu wa dukani. Mzigo wa mgodini haumfikii dalali kabisa: wanataka bima kubwa ya gari, bima ya mzigo, rekodi ya ukaguzi, dereva aliyepimwa ulevi getini, na kampuni ya kuishtaki jambo likiharibika. Mwenye lori moja hawezi kubeba hayo peke yake. Asilimia mnayoilalamikia inalipia hayo.

Kuhusu kulazimishwa kuonyesha bei: napinga. Mimi nikimpa mteja bei, ndani yake kuna hatari ya lori kuharibika Manyoni nikatuma jingine, kuna siku za kulala bandarini ambazo mteja hatazilipa. Mwenye lori akiona tarakimu moja tu atadhani nimemwibia tofauti yote. Mkilazimisha, kampuni zitanunua malori yao na kuachana na wadogo. Huo ndio ukweli, mkasirike au msikasirike.

Mtanzania, Texas

Naendesha huku, nami ni mtu wa flatibedi, kwa hiyo niwape yanavyokwenda huku bila kuwaambia mfanye hivyo.

Marekani uzito wa jumla kwenye barabara kuu za kitaifa ni pauni 80,000, kama tani 36. Ndiyo maana huku watu wanalipa zaidi kupata tela la aluminiamu. Huko kwenu, kwa tani 50 na barabara za kuingilia migodini, chuma kina maana yake.

Kuhusu mkataba: hapa kanuni ya serikali kuu inataka mwenye lori anayejikodisha kwa kampuni apewe mkataba wa maandishi. Akilipwa kwa asilimia, lazima apewe nakala ya hati inayoonyesha mzigo ulitozwa shilingi ngapi, yaani dola ngapi, kabla au wakati wa kulipwa. Na alipwe ndani ya siku 15 tangu awasilishe karatasi za safari. Makato yote yaandikwe tangu mwanzo. Kampuni hazijafa kwa sababu ya hilo, ndugu yangu ofisa.

Lakini mwanzisha mada naye asishangilie sana. Kanuni hiyo inazishika kampuni. Kwa madalali ipo nyingine inayompa msafirishaji haki ya kuona kumbukumbu za mzigo aliobeba, na madalali wengi wanaweka kifungu kwenye mkataba kwamba ukisaini umeikana haki hiyo. Ukikataa kusaini, hupati mzigo. Kwa hiyo sheria bila anayeisimamia inabaki karatasi.

Mwenye tela mbili, Buhongwa

Siku 15! Umesikia, ofisa? Wewe unasema mgodi unachelewa. Huyo mwenzako wa Texas naye ana wateja wanaochelewa, na dereva analipwa.

Ofisa wa usafirishaji, mjini

Analipwa kwa sababu kampuni yake inakopa benki kwa riba ya huko. Nipe riba ya huko nikupe siku 15.

Kijana wa Busisi

Mbona hakuna anayetaja daraja? Tangu Juni 2025 Kigongo na Busisi tunavuka kilomita tatu za lami, foleni ya kivuko imekwisha. Mwenye lori moja si lazima aote Dar. Saruji na nondo za kutoka Mwanza kwenda Sengerema, Geita mpaka Bukoba, unalala nyumbani siku nyingi na mteja ni mwenye duka anayelipa anaposhushiwa. Mama wa Kisesa afikirie hilo.

Dereva wa masafa, Igoma

Kijana kasema kweli, ila kwa njia hiyo semi ni kubwa mno. Maduka ya Sengerema hayana pa kugeuzia tela la mita 12 na nusu, na mwenye duka hanunui tani 30 kwa mkupuo. Kazi hiyo ni ya Fuso. Mama ana kichwa cha Scania tayari.

Mtu wa reli, Fela

Nyie bishaneni. SGR, reli mpya ya kisasa, ya Mwanza–Isaka, kilomita 341, ikikamilika na kuungana na ile ya Dar, kontena zitapanda treni. Anayekopa leo kwa ajili ya kontena za Dar aangalie rejesho lake linaisha mwaka gani.

Mwanzisha mada, Nyakato

Hoja ya reli naikubali nusu. Treni haiingii kiwandani kuchukua marobota wala haishushi mtambo mgodini. Kontena ndiyo itaondoka, na ni sababu nyingine ya kukimbia skeletoni.

Ofisa, nakujibu. Unasema tukiona bei tutadhani umetuibia tofauti yote. Basi tuandikie hiyo tofauti: bima kiasi hiki, siku za kulala hivi, kamisheni yako hii. Kama hesabu ni safi, kuificha kunakusaidia nini? Na tishio la kwamba mtanunua malori yenu wenyewe silielewi. Mnatuchukua sisi kwa sababu hamtaki kulipia tairi, spea na dereva wakati wa kiangazi cha mizigo. Hilo halitabadilika kwa kuonyesha ankara. Nakupa haki kwenye jambo moja: siku 15 kwa nguvu hapa kwetu zitaua kampuni ndogo kabla ya kubwa. Mimi ningeanza na mkataba na ankara, siku za malipo ziachwe watu wapatane, ila ziandikwe.

Mama, shikamoo. Kabla hujachukua hela ya benki, nenda na kadi ya hicho kichwa kwenye kampuni mbili au tatu. Nyingine zina matela yao na zinatafuta vichwa vya kuyavuta. Asilimia utakayobaki nayo itakuwa ndogo, lakini huna rejesho. Vuta lao msimu mmoja wa pamba, uone nani analipa kwa wakati na nani ana mzigo wa kushuka kweli. Waulize maswali matatu, na majibu wayaandike: mafuta ya safari natanguliziwa kiasi gani, lori likilala getini kwa mteja nalipwa shilingi ngapi kwa siku, na mzigo ukipotea njiani bima ni ya nani. Anayesema "mama usijali, tutaelewana", mwache.

Mama mwenye mkopo, Kisesa

Marahaba mwanangu. Na kichwa chetu kina difu moja.

Dereva wa masafa, Igoma

Basi mama, usivute nondo za tani 33 za mtu yeyote, hata akikubembeleza. Hapo ni tani 42 na chuma chake ndani, mzigo unaobaki ni kama 27. Waambie hivyo tangu siku ya kwanza, na wakipakia zaidi dereva wako agome pale pale kwenye kupakia, asisubiri mizani.

Mwenye tela mbili, Buhongwa

Nina mzigo wa marobota wiki ijayo na tela langu moja halina kichwa, kimekufa gia boksi. Mama akitaka, tuonane Buhongwa, na hesabu nitamwonyesha yote, hata kabla LATRA haijanilazimisha.

Ofisa wa usafirishaji, mjini

Na bima ya mzigo je, mkuu?