Mrejesho: jina la wa zamani limefunikwa

Wandugu, niliwauliza nifanye nini na jina la mchumba wangu wa zamani, tatuu nyeusi ndani ya mkono, nami naelekea kuolewa na mwingine. Wengi mlisema nifunike. Nimefunika.

Nilitaka ua jekundu. Mchoraji, kijana wa hapa Bukavu, akakataa katakata: "Dada, huu si ukuta unaopakwa rangi juu. Wino mpya na wa zamani vinakaa ndani ya ngozi ileile, na mweusi ndio utashinda." Basi tukachagua mnandi, yule ndege mweusi wa ziwani, bawa likitua juu ya herufi. Manyoya akayachora yakifuata mistari ya jina, humo akakoleza wino. Ndege ni mkubwa, karibu mara tatu ya lile jina. Anayetaka kadogo asahau.

Kwa macho huoni kitu. Ukipapasa, herufi ya kwanza bado imeinuka, maana kovu halizibwi na wino.

Na ninyi mlionishauri nipunguze herufi kama mwigizaji Johnny Depp alivyokata mbili za mwisho kwenye tatuu ya jina la mpenzi wake wa zamani, Winona: nimejaribu kwenye karatasi, linabaki tusi.

Sasa nafua kwa glavu, jua nalikwepa, kuogelea ziwani marufuku mpaka ngozi ifunge. Kisha nitarudi akoleze sehemu zilizofifia. Mchumba kamwangalia ndege, akauliza tu kwa nini mguu mmoja mfupi.