Acheni kuwafundisha wahandisi ujasiriamali kwa kurasa 40 za kubuni

Wadau, huu uzi ni wa hasira na sitaomba radhi. Kila muhula ukikaribia kwisha, vijana wa uhandisi wa mwaka wa nne na wa tano hapa Nairobi hujazana saiba kuchapisha na kufungisha vitabu vya mpango wa biashara. Sura ni tano zilezile: maelezo ya biashara, soko, usimamizi, uzalishaji, fedha. Ile ya fedha ina faida ya miaka mitatu ya bidhaa ambayo hakuna mtu amewahi kuishika mkononi. Takwimu za soko zimeokotwa hewani. Mwanafunzi anajua, mhadhiri anajua, na alama zinatolewa. Kisha mtihani: "Taja sifa kumi za mjasiriamali." Kijana anayeweza kukokotoa mkazo kwenye boriti anakaririshwa kwamba mjasiriamali ni mtu jasiri na mwenye maono!

Kosa kubwa ni kulitenga somo hili na meza ya kazi. Ujasiriamali uko ukumbini na watu mia mbili, projekti ya mwaka wa tano iko maabara, na wasimamizi wa pande hizo mbili hawajuani hata kwa sura. Na biashara ya mhandisi mara nyingi hufia pale pale mezani, kabla mteja hajaonekana.

Chukueni inkubeta, mashine ya kuangulia mayai, projekti isiyokosekana. Mayai ya kuku, kwenye mashine yenye feni, yanataka joto la nyuzi 37.5 za Selsiasi kwa siku 21. Kijana anashuka Luthuli kwenye maduka ya elektroniki, ananunua kihisi cha joto cha DHT11 kwa sababu ni rahisi na programu yake imejaa mtandaoni. Karatasi ya mtengenezaji inasema wazi kwamba kihisi hicho kinaweza kukosea nyuzi 2 juu au chini. Maana yake skrini inasoma 37.5 na ndani ni 39.5, au ni 35.5. Vihisi vya DHT22 au DS18B20 hukosea nusu nyuzi tu, na bei inayoongezeka haifikii hasara ya trei moja ya mayai yaliyoharibika.

Halafu rilei, swichi inayoendeshwa na umeme. Ile ndogo ya bluu ya volti 5, iliyoandikwa ampea 10, imekadiriwa kuwasha na kuzima mara 100,000 hivi ikibeba mzigo wake kamili. Msiseme taa zinazopasha mayai ni mzigo mdogo. Taa nne za uzi za wati 100 huvuta chini ya ampea 2 zikishawaka, lakini uzi ukiwa baridi mkondo huruka mara kumi au zaidi kwa kitambo kidogo, na hapo ampea 10 zimeshapitwa. Sasa programu ya mwanafunzi inawasha chini ya 37.5 na kuzima juu yake, bila pengo katikati. Rilei inawasha na kuzima mara moja kila sekunde 30. Hizo ni mara 2,880 kwa siku, na mara 100,000 zinakwisha siku ya 35. Kundi la kwanza la vifaranga linatoka vizuri, mteja anafurahi, anawaita majirani kule Ruai waje kuona. Kundi la pili likifika wiki mbili, vidole vya chuma vya rilei vinavyogusana kupitisha umeme vinashikana, taa zinakataa kuzima, mayai yanaiva ndani ya ganda. Mteja huyo hutampata tena, na wale majirani pia umewapoteza.

Dawa yake haina gharama ya kutisha. Acha pengo la nusu nyuzi kati ya kuwasha na kuzima, weka muda wa chini wa dakika mbili kabla ya kubadilisha hali, au tumia triaki, swichi ya kielektroniki isiyo na vidole, yenye bati la kupoza badala ya rilei. Kisha iendeshe mashine siku 21 mfululizo ukiwa umeweka chupa za maji mahali pa mayai, na uchomoe stima mara kadhaa kwa makusudi uone inavyorudi. Sasa niambieni, hili ni somo la elektroniki au la biashara? Ni yote mawili, na hakuna anayelifundisha kama yote mawili. Projekti inaonyeshwa dakika kumi mbele ya jopo, taa inawaka, watu wanapiga makofi, imekwisha.

Bei ndiyo aibu kubwa zaidi. Wanafunzi hujumlisha vipuri, wanaongeza "faida asilimia 30" na kupiga mstari. Tuseme vipuri ni shilingi 3,200. Kasha ni 600. Nyaya, skrubu na risasi ya kulehemu, 250. Saa tatu za kuunganisha kwa shilingi 200 kwa saa, 600. Stima na nafasi ya majaribio, 150. Usafiri, 200. Tayari ni 5,000. Mashine moja kati ya kumi ikirudi na kila inayorudi ikakula 3,000, ongeza 300 kwa kila unayouza. Ni 5,300 na hujaweka kodi ya chumba wala jasho lako la kutafuta wateja. Mwenye duka akiuza 8,000 na kubaki na robo, wewe unapokea 6,000. Umebaki na 700. Kwenye kitabu cha kufungisha, kijana amejumlisha 3,200 na asilimia 30 akaandika bei ya rejareja 4,160. Anapata hasara kwa kila mteja, na akipata wateja wengi ndivyo anavyozama haraka.

Fundi wa Kamukunji anayegonga masanduku ya bati haendi darasani, lakini ukibadilisha geji, yaani unene wa bati, anakupa bei mpya papo hapo, na misumari imo ndani. Kwa nini watu hawa hawaalikwi kufundisha wiki mbili, walipwe kama mhadhiri mgeni yeyote?

Utafiti wa soko nao! Dodoso linauliza, "Je, ungenunua mashine hii?" Nani atamkatalia mtoto wa watu aliyesimama juani na karatasi? Wote wanasema ndiyo, na asilimia 92 inaingia sura ya pili. Mfugaji aulizwe yaliyopita: mara ya mwisho stima ilipopotea mayai yakiwa ndani, ulifanya nini? Uliyatupa mangapi? Fundi alikutoza ngapi? Halafu mwombe arabuni ya shilingi 500 kwa M-Pesa, na risiti umpe. Ukiuliza kumi na wote wakakataa, umejua ukweli kwa gharama ya nauli.

Na hiyo M-Pesa yenyewe, kila slaidi inaitaja kama "wazo bora la Kenya", na hapo mhadhara unaishia. Majaribio yalianza 2005 yakilenga watu kulipa mikopo midogo. Watumiaji wakaanza kutumiana pesa wao kwa wao, na huduma iliyozinduliwa Machi 2007 ikajengwa juu ya tabia hiyo. Bila majaribio ya watu halisi, hilo lisingeonekana kwenye dodoso lolote. Sehemu hii yenye faida kwa mhandisi ndiyo inayorukwa.

Sheria nitaipitia mbio. Kifaa chenye redio ndani, iwe GSM au Wi-Fi, kinahitaji idhini ya Mamlaka ya Mawasiliano, na bidhaa ya dukani inahitaji alama ya KEBS, shirika la viwango. Hataza, yaani haki ya kumiliki uvumbuzi, kupitia KIPI, taasisi ya serikali inayoisajili, hudumu miaka 20, modeli ya matumizi, kinga ya uvumbuzi mdogo, miaka 10, na anayetaka kinga Ulaya akishaonyesha uvumbuzi wake hadharani kwenye maonyesho kabla ya kuwasilisha maombi, kwa kawaida amejifungia mlango. Maonyesho hayo hayo chuo ndicho kinachomsukuma aende! Msome pia sera ya chuo kuhusu nani anamiliki kilichotengenezwa kwa vifaa vya maabara.

Hisa: wanafunzi wanne wanaoanzisha kampuni wanagawana asilimia 25 kwa 25 siku ya shangwe, mmoja anapata kazi Dubai mwezi wa tatu, anaondoka na robo yake. Hisa zipatikane polepole kwa miaka minne, na anayetoka kabla ya mwaka kwisha asiondoke na kitu. Ni ukurasa mmoja wa makubaliano. Kwa nini haumo kwenye mtaala?

Tunachotaka kinafanyika. Somo lianze mwaka wa nne na liungane na projekti ya mwaka wa tano, chini ya wasimamizi wawili wanaotia sahihi daftari moja. Wiki ya kwanza, kila kikundi kinunue bidhaa ya elektroniki River Road, kiifungue hadi skrubu ya mwisho na kuandika gharama ya kila kipande. Kabla ya mtihani, kiwe kimeuza vipande kumi kwa watu wasio jamaa wala wanadarasa. Alama kubwa ziende kwenye daftari la marejesho: kipi kilirudi, baada ya siku ngapi, kipande gani kilikufa, kwa nini, na bei ikabadilika vipi. Kikundi kilichouza kumi, vinne vikabaki kwa wateja, na kueleza vizuri kwa nini sita vilirudi kipite kile chenye slaidi za kupendeza.

Mtasema hakuna pesa. Arabuni za wateja zinanunua vipuri vya awamu ya kwanza, na idara ikopeshe kikundi shilingi 15,000 zinazorudishwa kutoka kwa mauzo. Anayeogopa darasa zima aanze na vikundi vitano.

Walio kwenye kamati za mitaala mnasoma humu, tunajua. Andikeni hapa chini ni kifungu gani kinachozuia ujasiriamali na projekti kusimamiwa pamoja, kwa nambari yake na maneno yake, tukijadili.