Naombeni ushauri: kubomoa ukuta wa sebule, nyumba ya zamani Ujiji

Mgebuka Mkavu
Wakuu, kwema? Nyumba ya familia, Ujiji. Tofali za kuchoma, zimejengwa kwa udongo, sementi ni plasta tu. Nataka kuondoa ukuta kati ya sebule na chumba cha wageni, maana Idi ikifika nusu ya watu wanakulia barazani. Fundi kaugonga kwa nyundo, akasema huu ni wa kugawa vyumba tu, haubebi kitu. Advansi keshachukua. Nitajuaje kabla hatujauangusha?

Kamba na Timazi
Mkuu, kugonga na kusikiliza ni mambo ya video za Marekani. Kuta zao nyingi za ndani ni fremu ya mbao na jipsamu, mlio unawaonyesha mbao imesimama wapi. Tofali ligonge hadi kesho, halikwambii limebeba nini. Toa kipande cha dari, panda na tochi. Mbao za chini za kenchi, zile fremu za mbao zinazobeba paa, zinapita juu ya ukuta bila kuugusa, au zimeulalia? Zimeungwa hapo hapo juu yake? Kama ndiyo, huo ndio umeshika paa katikati. Na nyumba nyingine za zamani hazina kenchi kabisa, ukuta umepanda hadi kwenye bati. Ukikuta hivyo, shuka taratibu uache kama ulivyo.

Kijana wa Gungu
Bomoa tu mkuu. Mimi nilibomoa wangu na tunaishi vizuri.

Kamba na Timazi
Yako ni ya bloku na lenta, ule mkanda wa zege juu ya kuta, imezunguka nyumba nzima. Usimponze mwenzio.

Shangazi wa Mwanga
Hata ukuta huo usipobeba paa, bado una kazi. Ukuta mrefu wa nje uliojengwa kwa udongo unashikwa na hizi za ndani zilizoungana nao. Tupo Bonde la Ufa, mwanangu. Desemba 2005 hapa ziwani lilipiga tetemeko la 6.8. Kagua kona kwanza kama hazijaachia.

Mgebuka Mkavu
Nimepanda, nimeshuka na mavi ya popo kichwani. Kenchi zipo. Mbao za chini zimeungwa kwa misumari juu ya ukuta ule ule, na kuna kipande kimesimama toka ukutani hadi kwenye kofia ya paa. Lenta hakuna, juu ya mlango imelazwa mbao tu. Kona ziko sawa.

Kamba na Timazi
Basi unabeba. Usiuondoe wote. Panua mlango uwe uwazi mkubwa, uache vipande vya kutosha pande zote vikishikana na kuta za nje. Juu ipite boriti ya zege yenye nondo, na pale itakapokalia pajengwe upya kwa sementi, udongo hautaihimili. Unene na nondo apige hesabu mhandisi aliyesajiliwa, na manispaa uulizie kibali. Mirunda isimame pande zote mbili za ukuta kabla tofali la kwanza halijatoka, kwani zile mbao zimeungwa: ukiegemeza upande mmoja, wa pili unashuka. Tofali zitolewe kuanzia juu. Umeme mzime kwenye mita. Na msubiri kiangazi.

Mgebuka Mkavu
Shukrani sana. Na advansi ya fundi?

Shangazi wa Mwanga
Mgeuzie kazi, akapige plasta uani. Nyundo kubwa ibaki kwako mpaka mhandisi aje.