Nimepanda mstari mzima wa miti, mbona kelele za barabara hazipungui?

Jirani wa Lami
Wakuu, habari zenu. Nyumba yangu iko mita 40 hivi kutoka barabara kuu. Miaka mitatu iliyopita nilipanda mstari mmoja wa miti kando ya uzio wa waya. Imeshanizidi kimo mara mbili, lakini malori ya usiku nayasikia vilevile. Tena naapa kelele zimeongezeka tangu nimwage zege palipokuwa na nyasi, ili magari yapate pa kugeuzia. Mke wangu anasema tatizo ni masikio yangu. Niongeze mstari wa pili, au niachane na miti?

Tifua Taratibu
Mwambie shemeji masikio yako mazima. Kilichokuponza ni zege.

Sauti ya gari inakufikia kwa njia mbili: moja inakuja moja kwa moja, nyingine inagonga ardhi kwanza ndipo inaruka hadi sikioni. Zege inairudisha karibu yote. Udongo wenye vitundu unaimeza kiasi, na inayobaki inatoka imepishana na ile ya kwanza, hivyo zinapunguzana, hasa ule mvumo wa matairi.

Piga hesabu. Kwenye barabara yenye magari mfululizo, kila umbali ukiongezeka mara mbili, juu ya sakafu ngumu kelele hushuka desibeli 3 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), juu ya ardhi laini karibu 4.5. Kutoka mita 10 hadi 20, kisha 20 hadi 40, ni hatua mbili: zege 6, nyasi 9. Kama umefunika uwanja wote, hizo 3 ulizozizika ni sawa na kuruhusu magari mara mbili barabarani.

Miti sasa. Majani hutawanya sauti nyembamba tu. Ngurumo ya lori inapita kama haijaona kitu. Ukitaka uoto wenyewe ukupunguzie desibeli 5, panda mita 30 za kichaka kizito kuanzia chini, kiasi cha kutoona upande wa pili. Kwa desibeli 10, ambapo sikio ndipo husema zimepungua nusu, ni kama mita 60. Wewe una 40, utalala wapi?

Ila usiikate. Kazi ya mti iko chini: mizizi inafungua udongo, majani yaliyoanguka yanakuwa godoro. Mimi nilikuwa nafagia kila asubuhi mpaka ardhi ikawa ngumu kama sahani. Nikaacha majani yalale, nikatifua kwa uma, nikapiga marufuku gari kukanyaga. Msimu wa pili kidole kilizama hadi kiungo cha pili, na sebuleni ule mvumo ukafifia. Chumba cha juu sikupata kitu, maana huko sauti inapita mbali na ardhi.

Kibarazani
Na tuta la udongo je?

Tifua Taratibu
Hilo ndilo dawa, kama nafasi ipo. Kaa unapokaa kila siku, tazama barabarani: ukiona tairi, tuta bado fupi. Likishafunika gari tu, unapata kama desibeli 5, na kila mita ya ziada inaongeza kidogo. Lisiwe na pengo hata la mtu kupita. Na msilishindilie juu, otesheni nyasi.

Jirani wa Lami
Shemeji yenu amesoma yote, akaniangalia, akaenda zake. Tuta halitaingia kwangu. Sasa zege nibomoe lote? Gari lazima lifike mlangoni.

Tifua Taratibu
Bakiza mistari miwili ya matairi, kwingine kote vunja. Halafu tifua kabla ya kupanda nyasi, maana udongo uliokaa chini ya zege umeshindiliwa. Ukipanda juu juu utapata kijani kisichomeza chochote.