Mjadala: Mahakama zinaongea Kiswahili, mbona bado watu hawaelewi?

Mleta mada:
Wakuu, tangu 2021 sheria ya Tanzania inasema Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama. Sawa. Lakini mahakama za mwanzo zimetumia Kiswahili miaka yote, na bado mtu anatoka pale hajui kashinda au kashindwa. Hoja yangu: kila wito na kila hukumu iwe na ukurasa wa mbele unaosema kwa maneno ya kawaida nini kitafuata, na mwisho wa kuchukua hatua ni lini.

Jirani yangu alipata wito wa kesi ya madai. Umeandikwa kwamba asipofika, shauri litasikilizwa upande mmoja. Akasema basi, wacha asikilizwe mwenzangu kwanza, zamu yangu itafika. Wapi! Hukumu ikatoka. Baadaye anaambiwa mwenzake ameomba kukazia hukumu, yeye akadhani anaongezewa adhabu. Kumbe ni kuitekeleza ileile: dalali wa mahakama anakamata mali, inauzwa, deni linalipwa. Alikuja kuelewa pikipiki yake ikipakiwa kwenye kirikuu. Na angewahi kwenda na sababu za maana, angeweza kuomba hukumu ile ya upande mmoja itenguliwe.

Wakili wa mkoani:
Mkuu, hapo pana mtego. Ukurasa wako ukipishana na hukumu yenyewe, tufuate upi? Angalia suala la kuachiwa. DPP, yaani Mkurugenzi wa Mashtaka, akisema hana nia ya kuendelea na kesi, mshtakiwa anaachiwa, lakini anaweza kukamatwa na kushtakiwa upya kwa jambo lilelile. Hakimu akisikiliza ushahidi wote akaona kosa halikuthibitika, mshtakiwa anaachiwa huru, na kosa hilo halirudi tena labda Jamhuri, yaani upande wa mashtaka, ikate rufaa na kushinda. Karani akiandika "umeachiwa" tu, mtu anapiga simu nyumbani wachinje kuku, kisha getini anakutana na difenda ya polisi. Kazi hii tuachieni sisi.

Mama wa Mbagala:
Wakili, shikamoo. Nyie tunawapata kwa pesa gani? Halafu umetueleza vizuri kabisa kwa mistari michache, sasa kinachoshindikana kuiandika hivyo hivyo ni nini? Mimi nilikwenda kituoni kumdhamini mdogo wangu. Ukutani bango kubwa, dhamana ni bure. Mezani naulizwa, "Mama, umekuja na nini?" Hakuna aliyenieleza kwamba mdhamini anasaini kuahidi mtu wake ataripoti, na akitoroka ndipo anadaiwa. Nikatoa.

Mpita njia:
Hata "ana kesi ya kujibu". Mtaani kwetu ikishasemwa hivyo, mtu tayari ni mfungwa. Maana yake ni kwamba sasa ajitetee, basi.

Mleta mada:
Wakili, hukumu ndiyo itawale na ukurasa wenyewe useme hivyo. Karani asitunge kitu. Maneno yaandaliwe na Mahakama mara moja, yachapwe, hakimu ajaze tarehe tu. Kutoka mahakama ya mwanzo kwenda ya wilaya rufaa ni ndani ya siku 30. Hilo nalo linahitaji wakili?

Wakili wa mkoani:
Marahaba, mama. Mleta mada, fomu ya kuchapwa naikubali. Ila ukurasa uandike kwa herufi kubwa kwamba siku zinahesabiwa tangu uamuzi ulipotolewa. Wengi wanaokuja ofisini kwangu wamechelewa kwa sababu walikaa nyumbani wakisubiri kuitwa.