setTimeout, MutationObserver au kubofya kwenye jedwali zima: nichukue ipi?

Mjenzi_wa_Wavuti
Wakuu habari zenu. Nina ukurasa wa maagizo wa duka la vifaa vya ujenzi, Ijumaa namkabidhi mteja. Mistari ya bidhaa inaingizwa na JavaScript ukurasa ukishafunguka, lakini vitufe vya "Ondoa" kwenye mistari hiyo vinagoma. Kwenye kompyuta yangu mara nyingine vinakubali, kwenye simu ya mteja havikubali kabisa. Naona njia tatu: setTimeout ya sekunde 2 (msimbo usubiri kwanza ndipo uunganishe vitufe), MutationObserver (kichungaji cha kivinjari kinachotoa taarifa ukurasa ukibadilika), au kusikiliza mbofyo kwenye jedwali zima. Ipi bora?

Kasuku77
Mkuu, mistari unaiingiza wewe au ni programu ya mtu mwingine uliyoipachika? Data inatoka kwenye seva? Skripti yako iko juu kwenye head ya HTML au chini, na ina defer (isubiri HTML isomwe yote kwanza)? Bila hayo tutabahatisha tu.

mzee_wa_seva
Majibu yoyote atakayotoa, setTimeout iondoke. Sekunde 2 zinatosha penye faiba, hazimtoshi mtu aliye kwenye mtandao unaosuasua. Sikiliza kwenye jedwali. Mbofyo hupanda kutoka kwenye kitufe hadi kwa wazazi wake, wewe unauliza tu `e.target.closest('.ondoa')`, yaani kama kilichobofywa ni kitufe cha Ondoa. Mstari uje sasa hivi au baada ya nusu saa, utafanya kazi.

DadaMsimbo
Naunga mkono, ila si kila tukio linapanda. focus na blur (kuingia na kutoka kwenye kisanduku cha fomu) hazipandi, tumia focusin na focusout.

Tembo_K
Mbona mnajitesa? Weka React (maktaba ya JavaScript ya kujengea kurasa), haya yote yanaisha.

mzee_wa_seva
React kwa fomu moja ya maagizo? Simu ya mteja ipakue maktaba nzima kwa ajili ya kitufe cha kufuta? Na hao React wenyewe wanasikiliza kutoka juu vilevile. Hadi toleo la 16 walisikiliza kwenye document (ukurasa mzima), toleo la 17 la 2020 wakahamia kwenye kipengele cha mzizi, kile ambamo React imewekwa.

Tembo_K
Basi umethibitisha kwamba wameshakufanyia kazi hiyo, mzee wangu.

fundi_chumvi
Niwaeleze nilichorithi kwenye mradi mmoja. Kisanduku cha malipo kilikuwa kinaingizwa na skripti ya kampuni nyingine, na aliyenitangulia aliweka setTimeout. Seva yao ikichelewa, kitufe kinaonekana lakini ukibofya kimya. Akaja mwingine akabadilisha ikawa setInterval (inayorudia kila baada ya muda), na kila mzunguko unaongeza addEventListener (amri ya kusikiliza tukio) yenye funksheni mpya isiyo na jina. Kivinjari hakiwezi kujua kwamba ni kitu kilekile, kwa hiyo mbofyo mmoja ukatuma agizo mara kadhaa. Wateja walikuja juu, na walikuwa na haki. Baadaye ikawekwa MutationObserver, nayo ikawa inabadilisha eneo lilelile inalolichunga: inajiita, inabadilisha, inajiita tena, ukurasa unaganda. Nilichofanya ni kuita disconnect(), yaani kuizima observer, mara tu kisanduku kinapopatikana, kabla ya kugusa chochote. Ndiyo maana swali la Kasuku ni la msingi. Observer inafaa pale mwingizaji si wewe. Vitu vyako mwenyewe huvisubirii: ukishaita append(), kipengele kipo kwenye ukurasa kabla mstari unaofuata wa msimbo haujaendeshwa.

Mjenzi_wa_Wavuti
Asanteni. Data inatoka kwenye seva kwa fetch (amri ya kuomba data), naingiza mwenyewe. Skripti ina defer. Sikutaja kwamba kuna pia kalenda ya tarehe ya kupelekewa mzigo. Naipakia kwa createElement('script'), yaani JavaScript ndiyo inaingiza skripti, faili mbili, na mara nyingine ya pili inatangulia.

Kasuku77
Hilo ni jambo jingine kabisa! Skripti inayoingizwa hivyo huwa async yenyewe (haisubiri zamu), inayofika kwanza ndiyo inayoendeshwa kwanza. Weka `s.async = false` kwa zote mbili zifuate mpangilio, au subiri onload (taarifa kwamba imeshapakiwa) ya kwanza ndipo uingize ya pili.

DadaMsimbo
Au ziandike zote mbili kwenye HTML kwa defer. Kwa nini ziingizwe na JavaScript?

Mjenzi_wa_Wavuti
Mteja hataki kalenda ipakuliwe mpaka mtu achague kupelekewa mzigo.

Tembo_K
`<input type="date">`, kisanduku cha tarehe cha kivinjari chenyewe, haimtoshi?

Mjenzi_wa_Wavuti
Anataka Jumapili zifungwe zisichagulike.

fundi_chumvi
Zikague kwenye seva pia, usiiamini kalenda peke yake. Na ukiagiza mzigo Jumamosi jioni, inahesabiwa siku gani?