MREJESHO: Sindano ya otosampla iliyokuwa inapinda (maabara, Arusha)

Wakuu, habari zenu. Nilileta hapa tatizo la mashine yetu ya gesi kromatografia, tunayopimia mabaki ya viuatilifu kwenye mboga: sindano ya mikrolita 10 inapinda ikifika kwenye septa (kizibo cha mpira ambacho sindano hukitoboa kuingia kwenye mashine), na mkono wa otosampla (kifaa kinachochukua sampuli na kuziingiza kwenye mashine chenyewe) unadondosha vichupa vya sampuli. Asanteni sana mliojibu.

Aliyesema tuanze na nati ya septa, ubarikiwe. Ilikuwa imekazwa kupita kiasi, mpira umebanwa hadi ukawa mgumu. Tumeweka septa mpya, nati tukaikaza kwa vidole tu, sindano haijapinda tena. Plunja (kijiti cha ndani ya sindano kinachosukuma sampuli) nayo ilikuwa nzito kwa sababu ya masalia ya sampuli. Tuliichomoa, tukaifuta kwa tishu isiyoacha nyuzi yenye asetoni, sasa inateleza vizuri na vilele vya kromatogramu (grafu ya matokeo) vinalingana. Tafadhali msipuuze plunja nzito, nayo inapinda kirahisi.

Vichupa bado. Kufuta vumbi kwenye kihisi cha trei hakukusaidia. Raba za vidole vya mkono zimelika, tumeagiza nyingine kupitia wakala Dar. Kwa sasa tunapakia sampuli chache, na mtu anakaa karibu na mashine.